Siku Kumi na Nne za Kunyamaza

Daktari wa koo pale Muhimbili
alinipitishia kamera nyembamba kama uzi, akanionyesha kwenye kioo:
vinundu viwili, punje za mtama,
vimekalia sauti yangu.
"Siku kumi na nne," akasema.
"Hata kunong'ona, usinong'one."

Mimi!
Mshereheshaji wa harusi kutoka Sinza hadi Mbagala,
mimi ninayewatoa wajomba noti mfukoni kwa maneno matupu,
ninyamaze?
Siku ya kwanza niligombana na muuza chipsi.
Siku ya pili niliibishia redio.
Siku ya tatu mke wangu alichoka:
"Nenda basi mahali ambapo ukifungua kinywa, unakufa."

Ndiyo maana, baada ya siku mbili za kumeza bwawa la hoteli,
nilijikuta Kunduchi, asubuhi,
nimebanwa na suti ya mpira
kama muhogo uliorudishiwa ganda lake,
mtungi mgongoni, vipande vya risasi kiunoni,
boti ikielekea Mbudya.

Kiongozi wetu, Zamoyoni Pazi, hasikii.
Homa ilimchukulia masikio akiwa na miaka minne.
Wenzangu walimjadili mbele yake
kama watu wanavyomjadili mtoto, au mgonjwa:
"Huyu ndiye? Tukimwita atasikiaje?"
Nilitaka kuchangia. Nilikuwa na utani mzuri kabisa.
Daktari akauokoa ulimwengu.

Tukajitupa kinyumenyume.

Mita ya tatu, masikio yaliuma.
Mita ya tisa, hapakuwa na wa kumsikia mwenzake,
kila mtu na pumzi yake tu,
kama viti vinavyoburutwa ukumbini
wageni wakishaondoka.
Sote sita tukawa viziwi.
Na Zamoyoni akaanza kuongea.

Lo, mikono ile!
Akatwambia: taa amelala hapo mchangani, yatazameni macho.
Akatwambia: mkunga huyu ana hasira, lakini za asubuhi tu.
Akatania pezi za mwenzetu mmoja, tukacheka mapovu.
Kisha akatufikisha kwenye bakuli la vifusi vyeupe,
matumbawe yaliyosagika, upana wa jukwaa la maharusi,
akafumba ngumi mbili, akazifumbua ghafla:
baruti.
Halafu akajigusa kifuani.
Ule mlipuko, hata yeye aliusikia.

Ndipo akapita kasa.
Hakuwa na haraka. Alikuwa mzee wa mambo yake,
mgongo umeota majani, jicho moja likitukagua
kama mama mkwe anayehesabu sahani.
Nami, kwa mazoea ya miaka kumi na saba jukwaani,
nikanyanyua dole gumba: safi sana!

Chini kule dole gumba si sifa.
Dole gumba ni "nipandishe juu."
Zamoyoni hakuuliza. Alinishika mkono,
akakusanya kundi zima, tukapanda,
tukaning'inia dakika tatu kwenye mita ya tano,
wote wakinikodolea,
nami nikimtazama kasa akipungua chini ya miguu yangu
hadi akawa kifungo cha shati,
hadi akawa rangi ya maji.
Dakika tatu, na sina pa kujitetea.

Juu, walipotema tu mipira ya hewa,
waliongea wote kwa pamoja.
Zamoyoni akageukia injini,
akajishughulisha na kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Kisiwani, kwenye kibanda cha makuti, tukisubiri changu wa kukaanga,
nilimwandikia kwenye simu: "Kwenu, mtu anapewaje jina?"
Akajibu kwa kidole chenye mafuta:
"Hatukuandiki herufi kwa herufi. Tunakutazama, tunakupa."
Akanitazama. Muda mrefu, kuliko nilivyozoea
kutazamwa bila kipaza sauti.
Kisha vidole vinne juu ya gumba, karibu na midomo:
vikafunguka, vikafumba,
vikafunguka, vikafumba.

Nikaandika: "Samaki?"

Akatikisa kichwa.
Akaelekeza kidole kwenye kinywa changu,
ambacho, kweli, kilikuwa wazi.

Nikakifunga.
Zilikuwa zimebaki siku nane.